Mwenye Nyumba Namba Kumi na Saba

Balaa lilikuja na makofi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kikosi kizima kimejipanga uwanjani, ndipo mkuu wa kikosi akafunua karatasi na kutangaza kwamba katika nyumba mia moja na nne za familia, iliyotunzwa vizuri kuliko zote kwa miezi minane mfululizo ni namba kumi na saba. Makofi yakapigwa kwa amri, mara tatu, kama inavyotakiwa.

"Jumamosi saa nne," mkuu akaendelea, "mke wangu atafika pale nyumbani kumkabidhi mama wa nyumba hiyo jiko la gesi na cheti. Mpiga picha atakuwepo. Wake wengine waje wajifunze."

Sajenti wa karakana, mwenye nyumba namba kumi na saba, alianza kuhesabu saa zilizobaki mpaka Jumamosi. Maana mama wa nyumba hiyo alizikwa mwezi mmoja kabla hawajahamia humo.

Huko karakana hakupewa nafasi ya kupumua. Fundi wa breki alitoka chini ya lori akicheka, uso umejaa grisi. "Sajenti, shemeji ametuchongea! Mke wangu akisikia habari hii, leo nitalala na mbwa wa lindo."

"Hebu tuulizie," akadakia fundi umeme, "anaweka dawa gani sakafuni? Yangu ukipita unaacha nyayo kama umetoka shambani."

"Nitamuuliza," alisema Sajenti, na akainamia injini iliyokuwa haina ubovu wowote.

Kabla ya saa sita akaja Bwana Stoo, msimamizi wa nyumba na vifaa. Huyu ndiye aliyepita kila mwisho wa mwezi kukagua: vitasa vingapi, balbu ngapi, vioo vingapi, na vumbi la juu ya fremu ya mlango, ambalo alilipima kwa kidole chenye glovu nyeupe. Kwa miezi minane, kidole kile kilitoka namba kumi na saba kikiwa cheupe kama kilivyoingia. Mama wa nyumba hakuwahi kumkuta, na hakuwahi kuuliza mara mbili. Ameenda kliniki? Haya. Kasafiri msibani? Haya. Wakubwa wamepewa macho ya kuona vumbi, watu hawawaoni.

"Jina kamili la mama, la kuandika kwenye cheti," alisema akishika kalamu.

Sajenti akalitaja. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajalitamka kwa sauti, na sasa alilitamka akiwa ameshika spana, mbele ya mtu anayeuliza kama herufi ya katikati ni moja au mbili.

Si kwamba alificha tangu mwanzo. Kifo kiliandikwa, tena na karani, tena mbele ya macho yake. Mkewe alikufa akisubiri gari la wagonjwa, gari likisubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa amekwenda kutazama mpira. Lakini hati ya uhamisho ilishachapwa wiki mbili kabla, nayo ilisema: mke mmoja, watoto wawili. Askari akatangulia kituo kipya na hati yake mkononi, karatasi ya kifo ikabaki kule nyuma, mpaka leo haijulikani iko kwenye droo ya nani. Akapewa ufunguo. Akaupokea, akafunga mdomo.

Angefanyaje? Kanuni inasema nyumba ya familia ni ya askari mwenye mke. Asiye na mke analala bwenini na vijana, na watoto wanapelekwa kwa jamaa. Jamaa wenyewe ni shangazi mmoja aliyesema ataweza kumchukua mdogo, na kaka mmoja aliyesema labda mkubwa, tena kama anajua kazi. Wawili hao wanaishi mbali, mwendo wa siku mbili kati yao. Kanuni hiyo iliandikwa na watu ambao wake zao hutibiwa ng'ambo.

*

Alipoingia nyumbani jioni, binti yake mkubwa, wa miaka kumi na tatu, alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya saruji kwa kitambaa cha sweta kuukuu. Dawa waliyoulizia karakana ilikuwa ndani ya kopo la maziwa: vipande vya mishumaa vilivyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya taa. Mama yake alimfundisha katika kambi ya pili, alipokuwa bado na meno ya utoto.

"Tumeshinda," alisema Sajenti.

"Tumeshinda nini, baba?"

Akamweleza. Uso wa binti ukafunguka wote, akacheka kicheko ambacho baba yake hakukisikia tangu kambi ile walikomzika mama. Akaitazama sakafu, akayatazama mapazia, akajitazama mikono. Kisha kicheko kikaanza kurudi ndani kidogo kidogo.

"Jiko wanakuja kumpa nani?"

"Mama wa nyumba."

Mdogo wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, akaruka kutoka kitandani. "Watampa dada! Si ndiye anapika? Mama si amekufa?"

"Punguza sauti," dada yake akasema. "Nje tunasemaje?"

"Mama yuko kliniki."

"Wakiuliza kliniki gani?"

"Naanza kulia," alisema Redio, na akaonyesha. Machozi yakaja mara moja, makubwa, ya kweli kabisa, kisha akayafuta na kuuliza kama jiko la gesi linaweza kupika maandazi.

Sajenti akaketi juu ya kasha. Nyumba ile ilikuwa na makasha sita ya risasi, matupu, yaliyopakwa rangi ya kijani. Siku ya kuhama yalikuwa masanduku, siku nyingine zote yalikuwa viti, meza na kabati. "Tuichafue," akasema. "Tuna siku moja na nusu. Wakikuta uchafu watampa mwingine."

Binti akainuka, kitambaa mkononi. Akamwachia nafasi apite, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Sajenti akainuka. Ovaroli yake ilikuwa na grisi ya kutosha kuchafua kuta za kikosi kizima. Akachovya vidole vinne kwenye doa la pajani, akainua mkono hadi ukutani, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu apewe ufunguo, akaiona nyumba yake.

Aliona kwamba misumari yote ilikuwa imepigwa kwenye matundu ya zamani, hakuna tundu jipya hata moja, kwa kuwa tundu jipya huandikwa. Bawaba za makasha zilikuwa zimetiwa mafuta ya cherehani. Kioo cha dirisha la jikoni, ambacho Bwana Stoo alikiandika siku ya kwanza kuwa "kimepasuka, kimekubaliwa", kilikuwa kimezibwa ufa kwa ute wa yai, mstari mwembamba usioonekana mpaka mwanga uukate. Mablanketi yalikuwa yamekunjwa kwa pembe ambazo yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa jeshini, alizipata kwa kupigiwa kelele. Huyu nani alimpigia kelele?

Akakumbuka siku waliyofika. Kulikuwa kumeshaingia kiza, na yeye akawa anapapasa ukutani kutafuta swichi. Binti akampita, akanyoosha mkono bila kutazama, taa ikawaka. "Umejuaje?" alimuuliza. "Iko palepale, baba. Wanajenga nyumba moja tu, wanairudia." Akavuka sebule akiwa na mapazia begani, maana mama yake alisema pazia kwanza, kabla ya maji, kabla ya chakula, watu wa nje wajue humu wamefika watu. Alikuwa ameishi nyumba hiyohiyo mara sita, katika kambi sita, na kusoma madarasa saba katika shule sita. Marafiki ndio waliobaki nyuma kila mara. Swichi ilimfuata kila alikokwenda.

Sajenti akashusha mkono. Vidole vya grisi akavifuta kwenye ovaroli.

"Siwezi," akasema.

"Hata mimi nilijaribu, mwezi wetu wa nne hapa," alisema binti. "Nilipoona Bwana Stoo anaandika vizuri mno, niliogopa. Nikamwaga majivu pale mlangoni. Sikupata usingizi, nikaamka nikayafagia."

"Basi tuseme amesafiri."

Binti akachukua daftari lake la hesabu, akalifungua nyuma. Kurasa mbili zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, aliyeuliza, mama alikokuwa. Kliniki mara nne. Msibani mara mbili. Kumtazama bibi mgonjwa. Kliniki tena. Mbele ya kila jibu alikuwa ameandika jina la aliyejibiwa, ili uongo wa mwezi huu usigongane na wa mwezi uliopita.

"Zimebaki safari chache," alisema. "Bibi siwezi kumuua, nilishamponyesha."

Baba yake akalichukua daftari. Alisoma kurasa zile mbili kama mtu anayesoma hesabu za vita ambavyo yeye hakupigana.

*

Ijumaa saa mbili akaenda ofisini kusema kweli. Aliamua usiku, akaona ni heri akubali kosa kwa mdomo wake kuliko kufumaniwa mbele ya mpiga picha.

"Kupitia kwa nani?" karani wa mlangoni akamuuliza.

"Ni jambo la familia yangu."

"Ndiyo, lakini kupitia kwa nani? Afande wa karakana amesaini?"

"Yuko likizo."

"Basi msubiri." Kisha, kwa kumhurumia, akamruhusu kuingia kwa mnadhimu, msaidizi wa mkuu wa kikosi.

Sajenti alisimama wima kwa dakika ishirini na mbili. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Mnadhimu, kijana aliyeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alikuwa anakata kucha na kuzikusanya juu ya fomu.

"Aa, nyumba bora! Kama ni shukrani, utatoa kesho mbele ya mkuu."

"Si shukrani, afande."

"Ni malalamiko? Malalamiko ni Jumatatu na Jumatano."

"Si malalamiko. Ni kuhusu mke wangu, afande. Mke wangu..."

"Ana aibu ya kupigwa picha," mnadhimu akamalizia, akatabasamu. "Wote wako hivyo. Mwambie avae vizuri tu. Geuka nyuma, tembea."

Amri ni amri. Mwili uligeuka kabla moyo haujakubali, na miguu ikamtoa nje na ile kweli yake mdomoni, kama mtu aliyepewa chakula cha moto asijue atakitemea wapi.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta Mama Pacha, mke wa koplo dereva wa namba kumi na sita, akimngoja penye kamba ya kuanikia nguo. Mama Pacha alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka kambi ya jirani, lakini leo aliongea chini.

"Shemeji, sisi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Usinifanye mjinga, shemeji. Tunajua tangu wiki ya tatu."

Sajenti akatazama mlangoni kwake. "Redio alisema?"

"Redio? Yule mtoto anaongea mchana kutwa na hajawahi kusema hilo neno. Magauni ndiyo yalisema." Akaonyesha kamba kwa kidevu. "Magauni matatu, kila Jumamosi yanafuliwa, yanaanikwa. Hayana jasho, hayana doa la mafuta, hayana kamasi ya mtoto begani. Mwanamke gani huyo, malaika? Nikamwambia wa kumi na tano, wa kumi na tano akamwambia wa kumi na nne. Tukalia siku hiyo, kila mtu jikoni kwake."

Sajenti, ambaye Jumamosi zote alishinda karakana, alikuwa hajui kwamba magauni ya mkewe yalikuwa yanafuliwa. Alidhani yako chini kabisa ndani ya kasha la mwisho, alikoyaweka yeye.

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Bwana Stoo? Yule akimwona mtu anazama kisimani atauliza kwanza ndoo ina namba gani." Akashusha pumzi. "Tulipangana zamu, kama nyinyi mnavyopangana lindo. Akipita mwezi huu, mimi ndiye nasema nimemwona mama akienda kliniki. Mwezi ujao wa kumi na tano. Binti yako anajua majibu yake, sisi tunajua ya kwetu. Ila la kesho limetuzidi. Nimefikiria: dada yangu yuko hapa kwa wiki mbili, hakuna afande anayemjua. Avae gauni moja, asimame, apokee jiko, basi."

"Asante, mama," sauti ikasema nyuma yao. Binti alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Lakini gauni la mama halivaliwi."

"Mwanangu, ni dakika tano tu."

"Najua. Mmenisaidia na sitasahau. Lakini hapana." Akaweka ndoo chini. "Nimechoka, baba. Kazi naiweza. Kumsafirisha mama kila mwezi ndiko kumenichosha."

"Kesho nitasema mimi," alisema Sajenti.

"Ukisema wewe ni kosa la askari, watakufunga. Nikisema mimi, mimi ni mtoto tu. Mtoto atapewa adhabu gani? Kupiga magoti? Nimezoea."

"Nimesema nitasema mimi!"

"Ndiyo, baba," alisema binti, kwa utii ule wa askari ambaye tayari ameshaamua.

*

Jumamosi asubuhi magauni matatu yalikuwa kambani, yanadondosha maji.

"Ya nini leo?" Sajenti aliuliza.

"Ni Jumamosi, baba."

Saa nne kamili magari mawili yakasimama. Akashuka mkuu wa kikosi, akashuka mkewe, mama mtu mzima mwenye miwani, akashuka mnadhimu, mpiga picha, na Bwana Stoo akikumbatia boksi la jiko, cheti juu yake. Wanawake wa mstari mzima walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, kama siku ya ukaguzi. Hata Mama Pacha.

Sajenti akapiga saluti. "Afande, naomba kusema."

"Baadaye, Sajenti. Tuone kwanza nyumba."

Wakaingia. Mke wa mkuu, hakuna aliyemwambia, alipoiona sakafu alivua viatu. Akaviweka mlangoni, kando ya ndala za kike zilizokuwa pale, safi, zimeelekezwa nje. Akatembea kwa soksi, akigusa vitu kwa ncha za vidole: pembe za mablanketi, makasha, pindo la pazia. Mkuu mwenyewe akainama kwenye kioo cha jikoni, akautafuta ufa, akaupata, akautazama muda mrefu. Aliwahi kuongoza watu mia sita mpakani, na walikuwa wakisema hakuna kitu kinachomshangaza.

"Ute wa yai," akasema taratibu. "Mama yangu alikuwa akifanya hivi." Akageuka. "Huyu mama ni nani jamani? Aje. Aje nimpe mkono mimi mwenyewe."

Sajenti akafungua mdomo. Miaka kumi na tisa ya kungoja ruhusa ikamshika ulimi kwa nukta moja tu, na nukta hiyo ikatosha. Binti alikuwa ameshapita mbele yake, amevaa sare ya shule, nywele amezibana, mikono ikinuka nta.

"Ni mimi," alisema.

Mpiga picha akacheka. Mke wa mkuu akatabasamu. "Vizuri, mwanangu, naona unamsaidia sana mama. Yuko wapi tumpe zawadi yake?"

"Mama yuko kambi tuliyotoka. Nyuma ya uwanja wa kulenga shabaha, safu ya pili, wa tatu kutoka kwenye uzio. Nyumba hii nimeitunza mimi, tangu siku ya kwanza. Baba alikuwa kazini."

Redio, kwa mara ya kwanza mtaani pale, alinyamaza.

Tabasamu la mke wa mkuu halikujua pa kwenda. Akatazama mlangoni, akaziona zile ndala zilizokuwa kando ya viatu vyake. Kisha akatazama nje, kwenye kamba, akayahesabu magauni kwa midomo, moja, mawili, matatu, na akavua miwani.

"Miezi minane?" mkuu aliuliza. Hakumuuliza binti, alimuuliza Bwana Stoo. "Umeingia humu mara nane."

"Afande, nilikagua nyumba, afande."

"Nani mwingine anajua?"

Sauti ya Mama Pacha ikatoka mlango wa pili, haikuwa chini tena. "Sisi sote, afande. Kuanzia namba moja."

"Kuanzia namba moja," ikarudia sauti ya namba kumi na tano, na nyingine, na nyingine, ikiteremka mstari mlango kwa mlango mpaka nyumba ya mwisho, kama wanajeshi wanaojihesabu.

Sajenti alisimama wima katikati ya sebule yake. Aliogopa, ndiyo. Lakini alijivunia pia. Alimtazama mtoto yule mwembamba aliyesimama mbele ya mtu wa nyota nyingi bila kutikisika, akajiuliza alikuwa wapi yeye wakati mtu huyu anakua ndani ya nyumba yake.

Bwana Stoo akakohoa. Mtu wa kanuni haachi kuwa mtu wa kanuni. "Afande, kwa mujibu wa kanuni za makazi, askari asiye na mke..."

"Naijua kanuni."

"Ndiyo afande. Na nyumba inatakiwa kuachwa ndani ya saa sabini na mbili tangu..."

"Nimesema naijua!"

Mkuu akamnyang'anya kile cheti. Akakisoma jina lililoandikwa, akamtazama binti, akalisoma tena. Mkono wake wa kulia ukapanda kidogo, kama unataka kufika kwenye kofia, ukasimama njiani. Mkewe alikuwa anamtazama. Mnadhimu alikuwa anatazama kucha zake. Nje, magauni yalikuwa yameanza kukauka na kujaa upepo.

Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa ameishi miaka sita tu, lakini alishahama mara tatu, na alijua wakubwa wakikaa kimya hivi na karatasi mkononi maana yake ni nini. Akaenda kwenye kasha la kwanza, lile la mapazia, akainua kifuniko, bawaba zisilie hata kidogo, akamgeukia mkuu wa kikosi.

"Afande," akauliza, "tufungashe?"